Kitabu cha King Kong: Ni Nani Aliyemwua Mnyama?

Desturi tuijuayo ni hii: mwandishi hutunga kitabu kwanza, halafu watu wa sinema hukitwaa na kukigeuza kuwa picha. Lakini mara nyingine mambo huenda kinyume. Sinema huandaliwa kwanza, kisha mwandishi huajiriwa aitie hadithi yake kitabuni. Ndivyo kilivyozaliwa kitabu cha King Kong, ambacho twataka kuzungumza nanyi juma hili.

Kilitungwa na Mmarekani Delos W. Lovelace, akiyafuata maandishi waliyoyatumia wenye sinema. Kilitolewa Desemba 1932, na sinema yenyewe ikaonyeshwa mjini New York Machi 1933. Kwa kuwa kitabu kiliandikwa kabla sinema haijakamilika, viwili hivyo havilingani katika yote. Meli iitwayo Venture katika sinema yaitwa Wanderer kitabuni. Tena kitabuni mabaharia wanaoanguka bondeni huliwa na buibui wakubwa ajabu. Katika sinema sehemu hiyo ilikatwa.

Hadithi yenyewe ni fupi. Bwana Denham, mtengenezaji wa sinema, amkuta mjini New York msichana Ann, aliyedhoofika kwa njaa. Amlisha, kisha amwajiri. Wanasafiri mpaka kisiwa cha mbali, ambako wenyeji wanaishi nyuma ya ukuta mrefu kwa kumhofu Kong, gorila mkubwa kupita nyumba. Wenyeji wanamteka Ann na kumtoa kwa Kong, naye amchukua mwituni. Baharia Driscoll amwokoa. Ndipo Denham anapomlevya Kong kwa moshi, amfunga minyororo na kumpeleka New York, atazamwe na watu waliolipa kiingilio. Kong akata minyororo, apanda jengo la Empire State, lililokuwa refu kuliko yote duniani siku zile, na ndege zampiga risasi hata aanguka na kufa.

Atazamaye sinema hiyo hushikwa na mshangao, wala si ajabu. Kong wa sinema alikuwa sanamu yenye kimo cha sentimeta 45 hivi: mifupa ya chuma, mwili wa mpira, manyoya ya sungura. Fundi Willis O'Brien na wenzake waliisogeza kidogo, wakapiga picha moja. Wakaisogeza tena, wakapiga nyingine. Na picha 24 zilifanya sekunde moja tu. Saburi hiyo yastahili sifa. Lakini macho yakishangaa mno, akili husinzia. Msomaji hana sanamu ya kumshangaza, ana maneno matupu. Hata hivyo anao uwezo mmoja asio nao mtu aliyeketi gizani katika jumba la sinema: aweza kurudi nyuma kurasa kumi na kuuliza, "Je, ndivyo ilivyokuwa kweli?"

Basi tuutumie uwezo huo. Mwishoni Denham asimama penye maiti ya Kong, na kusema kwamba si ndege zilizomwua, bali uzuri wa mwanamke. Neno hilo limesifiwa na wengi. Lakini turudi nyuma tuone. Ann alifanya nini? Alikuwa na njaa, akakubali kazi. Hakumwita Kong, hakumfunga, hakuuza tikiti. Aliyetaka fedha ni Denham. Aliyeleta minyororo ni Denham. Naye huyo huyo ndiye atoaye hukumu, akimtwika msichana mzigo wake. Wazee walituonya tusimpelekee ngedere kesi ya nyani. Na wale wenyeji weusi wa kisiwani? Wameonyeshwa kama watu wa ngoma na ukatili tu, wala hapana awaulizaye habari yao.

Sisi wa Kongo tunayo sababu ya pekee ya kusoma hivyo. Gorila wa kweli ni jirani yetu. Gorila wa nyanda za chini za mashariki hapatikani po pote duniani ila katika misitu ya mashariki ya Kongo, kama ile ya Kahuzi-Biega karibu na Bukavu, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1970. Hula majani, machipukizi na matunda. Hawindi mtu, mtu ndiye amwindaye.

Lakini liko jambo zito zaidi. Mji ule ule wa New York, miaka 27 kabla ya sinema hiyo, ulimwonyesha binadamu. Ota Benga, Mkongo mfupi wa kimo, alipelekwa Marekani na msafiri Samuel Verner mwaka wa 1904, akawekwa mbele ya watu katika maonyesho makubwa ya St. Louis. Septemba 1906 akatiwa katika nyumba ya nyani, ndani ya bustani ya wanyama ya Bronx, na maelfu wakaenda kumtazama. Wachungaji weusi wa mji walipinga kwa nguvu, hata akatolewa. Hakuiona tena nchi yake. Machi 1916 alijiua huko Virginia. Hatumlinganishi mtu na mnyama wa hadithi, hasha! Tunawalinganisha waonyeshaji.

Kwa wasomaji wetu wa Katanika habari hii si ya mbali. Mwaka wa 2017 maelfu ya watu waliokimbia vita baina ya Watwa na Waluba walijisitiri hapo katika vibanda. Wenye kuona hayo wanajua kwamba mkono hauwi mwepesi kumpiga jirani mpaka kwanza mdomo umemwita mnyama.

Kwa hiyo, enyi wazazi, mtoto akiwasimulia sinema aliyoitazama katika simu, msimkemee upesi. Mwulizeni mambo matatu: Ni nani anayesimulia? Ni nani asiyepewa nafasi ya kusema? Ni nani aliyepata fedha? Nanyi wanafunzi, mkipata kitabu kama hiki, kisomeni kwa furaha mpaka mwisho, kwa maana ni hadithi ya kusisimua. Kisha kirudieni tangu mwanzo, mkimfuata Denham kwa macho, wala msikubali hukumu yake kwa sababu tu yeye ndiye aliyesema la mwisho.