Mafuta ya Upako na Jasho la Maskini

Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa katika uwanja wa Majengo, Moshi, wakisukumana ili wakanyage mafuta ya upako. Tuliwaita wajinga. Hawakuwa wajinga, walikuwa maskini waliokosa tiba, ajira na haki, wakaahidiwa vyote kwa hatua moja.

Tusidhani hayo ni ya Moshi tu. Hapa Dodoma, mama muuza nyanya wa soko la Majengo akitoa fungu la kumi kutoka katika mtaji wa mkopo, mtaji hupungua na riba hubaki palepale. Biashara ikianguka, huambiwa imani yake haba. Wapo watakaojibu kwamba sadaka ni hiari. Hiari gani hiyo, ikiwa mtoaji ametishwa kwa laana?

Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere aliwaeleza masista wa Maryknoll, New York, kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mifumo inayomdhalilisha binadamu, litapoteza maana yake. Leo baadhi ya wachungaji hawaipingi mifumo hiyo, wanaishi kwayo. Umaskini ukiisha, nani atanunua maji na mafuta yao?

Basi kila kanisa, kubwa kwa dogo, liwasomee waumini hesabu zake kila mwaka, pamoja na mali za viongozi wake. Msajili wa Jumuiya, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, azidai bila woga. Waumini nao waulize: anayeuliza ilikokwenda sadaka yake hajamkufuru Mungu.