Mwili wa Mama si Mali ya Ukoo



Mwanamke aliyemzika mama yake, mama mdogo na dada yake kwa kansa ya matiti hubaki na swali zito: je, aondolewe matiti yangali mazima, kabla ugonjwa haujaingia? Katika jamii yetu swali hilo hujibiwa na kila mtu isipokuwa mwenyewe. Wakwe husema ukoo wake una laana. Wapo waamini wanaomwambia kuwa kukata kiungo kizima ni dhambi. Mume hukataa, na neno lake huhesabiwa kuwa la mwisho. Majibu yote matatu ni uonevu.

Kwanza, si laana. Kansa nyingi za matiti hazirithiwi. Zinazorithiwa ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Chembe mbili za urithi zinazohusika zaidi, BRCA1 na BRCA2, zilitambuliwa miaka ya 1994 na 1995. Kati ya wanawake 100 wenye kasoro katika mojawapo, zaidi ya 60 hupata kansa ya titi maishani. Na kasoro hiyo mtoto huweza kuirithi kwa baba sawasawa na kwa mama. Basi anayemrudisha mke kwao kwa sababu ya “damu mbaya” aanze kwanza kuuliza shangazi zake mwenyewe walikufa kwa nini.

Pili, si dhambi. Kanisa hukataza kuharibu mwili bila sababu, wala halikatazi kuuponya au kuukinga. Papa Pius XII, akisema na madaktari mwaka 1953, alifundisha kwamba kiungo chaweza kuondolewa hata kama chenyewe ni kizima, iwapo kubaki kwake ni tishio kwa mwili wote na hakuna njia nyingine ya kuepuka madhara hayo. Upasuaji huu hupunguza hatari kwa kadiri ya 90 katika 100 au zaidi. Anayemtisha mwanamke kwa jina la Mungu asichukue mamlaka asiyopewa.

Tatu, si amri ya mume, wala si amri ya daktari. Upasuaji una gharama yake: maumivu, kutonyonyesha tena, na huzuni ya kupoteza sehemu ya mwili. Mwingine atachagua kupimwa mara kwa mara badala ya kisu, na uchaguzi huo nao ni halali. Mume ana wajibu wa kusikiliza na kusindikiza. Hana haki ya kufunga mlango. Talaka na ndoa ya pili zisitumiwe kuwa fimbo.

Lakini tusiwalaumu waume peke yao. Uhuru wa kuamua ni maneno matupu kwa asiye na pa kupimwa. Nchini Marekani kampuni moja ilidai hati miliki juu ya chembe hizi, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua tarehe 13 Juni 2013 kwamba chembe za asili za mwanadamu hazimilikiwi. Hata hivyo, kwa mama wa kijijini kwetu kipimo hicho bado ni kama hadithi ya mbali. Wanawake wengi wa Afrika hufika hospitali ugonjwa umekwisha kuenea. Mwenye fedha huchagua. Maskini hungoja kifo. Hilo ndilo jambo la haki, na serikali pamoja na hospitali zetu za Kanisa lazima ziulizwe.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu kuna mwanamke au binti anayetengwa kwa sababu ya ugonjwa wa ukoo wake? Tutamtetea namna gani?
2. Wanaume wetu wamefundishwa nini kuhusu urithi wa kansa?
3. Nani kati yetu atakwenda kwa mganga mkuu wa wilaya kuuliza uchunguzi wa matiti unafanyika wapi, lini, na kwa gharama gani?