Fuko Anakula Mihogo, Dawa Yake Inaua Watoto

Siku ya kazi, mfanyakazi wetu hashuki mgodini bila kofia, viatu vya usalama, mkanda na taa. Kapita hamruhusu. Akiona mfereji umechimbwa bila miti ya kuushika, haingii. Akisikia harufu ngeni ndani ya njia, anarudi nyuma na kuwaonya wenzake. Hayo yote amefundishwa, na anayashika vizuri.

Sasa mtazame mtu huyo huyo siku ya yenga, nyumbani kwake. Yuko miguu wazi katika lupango. Mkononi ana kibidoni cha esansi, mdomoni ana sigareti, na watoto watano wamemzunguka kutazama. Anafanya nini? Anapigana na fuko.

Ndugu msomaji, usicheke upesi. Wengi wetu tumekwisha kuwa mtu huyo. Hata mimi.

Miaka mingi imepita tangu siku ile. Fuko walikuwa wamemaliza mistari miwili ya viazi vitamu, na hasira ilinishika. Nikaleta nyumbani karibidi kidogo kutoka mahali pa kazi, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mnaijua karibidi: yale mawe ya kijivu yanayotiwa maji ili kutoa gesi ya kuchomelea chuma. Nikaitia ndani ya shimo, nikamwaga maji, nikafunika kwa udongo. Nikangoja, sikuona kitu. Basi nikawasha kiberiti nione kama gesi inatoka.

Ardhi haikupasuka mbele yangu. Ilipasuka nyuma yangu, hatua tatu, mahali mtoto wangu wa pili alipokuwa amesimama. Mama yake alikuwa amemwita dakika ile ile aje kunawa mikono kwa sababu bukari ilikuwa tayari. Mimi niliungua nyusi na mkono wa kuume. Na fuko? Siku ya tatu alisukuma udongo mpya kando ya viazi vile vile.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na ninayasema bila kuzunguka: fuko ni mwizi, lakini si muuaji. Anayeleta kifo ndani ya lupango ni sisi wenyewe, kwa dawa tunazozitumia juu yake. Tukiacha sheria za usalama kwenye lango la kazi, tunawaacha watoto wetu bila kofia.

TUMJUE MWIZI WETU

Huwezi kumshinda adui usiyemjua. Fuko wa nchi yetu ya Katanga anakaa chini ya ardhi maisha yake yote, karibu sawa na sisi wa mgodini. Macho yake ni madogo sana, hayamsaidii kitu kikubwa. Meno yake ya mbele yako nje ya midomo, hivi kwamba anachimba mdomo ukiwa umefungwa na udongo hauingii. Madume makubwa ya fuko mkubwa hukaribia nusu kilo. Hata wataalamu wa wanyama walilikubali jina letu: mwaka 2006 waliliita kabila lake Fukomys, kutokana na neno hili hili la fuko.

Fuko hakai peke yake. Ni jamaa nzima: baba, mama, na watoto wa uzazi mbalimbali wanaobaki kufanya kazi pamoja. Njia zao za kutafuta chakula hupita karibu na uso wa ardhi, chini ya mizizi. Chumba cha kulala kiko ndani zaidi, na kuna chumba cha kuwekea akiba. Mvua zikianza na udongo ukilainika, wanachimba kwa nguvu. Ndiyo maana kati ya mwezi wa 11 na wa 4 tunaona vichuguu vipya kila asubuhi.

Hasara ni ya kweli, sikatai. Lupango la mihogo, viazi na karanga ni chakula cha watoto wakati mshahara umekwisha. Mama aliyelima tangu mvua ya kwanza, akivuta shina la muhogo na kuona limeliwa chini, ana haki ya kukasirika. Lakini hasira si chombo cha kazi.

DAWA MBAYA KULIKO UGONJWA

Ya kwanza ni karibidi na esansi. Gesi ya karibidi inahitaji kuwa sehemu mbili na nusu tu katika sehemu mia za hewa ili ishike moto. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unatambaa ndani ya njia za fuko na kutoka mahali usipopajua. Nani kati yetu anaijua ramani ya njia hizo? Mwisho wake unaweza kuwa chini ya jiko la jirani.

Ya pili ni moshi wa motokari. Wengine huunga mpira kwenye bomba la moshi na kuupeleka shimoni. Moshi huo una gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu usingizini. Njia ikipita chini ya nyumba, gesi inapanda kupitia nyufa za sakafu.

Ya tatu ndiyo inayonitisha kuliko zote: dawa za sumu. Ziko zile zinazouzwa sokoni ndani ya karatasi ndogo, bila jina. Ziko pia vidonge vya kuhifadhi mahindi ghalani, ambavyo vikipata unyevu hutoa gesi kali yenye harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Udongo wa majira ya mvua una unyevu siku zote. Gesi hiyo haingoji ruhusa ya mtu, na mpaka leo munganga hana dawa ya kuiondoa mwilini.

Usifikiri haya ni maneno ya kutishia watoto. Mwezi wa pili wa 2010, katika jimbo la Utah huko Marekani, vidonge vya namna hiyo vilitiwa katika mashimo ya panya wachimbaji karibu na nyumba. Watoto wawili wa nyumba ile walikufa. Aliyevitia alikuwa mtu wa kazi hiyo, si mjinga. Baada ya hapo serikali yao ilikataza kuvitumia penye makao ya watu. Mwezi wa kwanza wa 2017, mjini Amarillo katika jimbo la Texas, maji yalimwagwa juu ya dawa ya aina hiyo iliyotiwa chini ya nyumba kuua panya. Maji yaliamsha gesi, na watoto wanne wa familia moja wakafa. Ikiwa nchi yenye hospitali na vyombo vingi ilizika watoto sita, sisi tunajaribu nini?

Tena kuna jambo letu wenyewe. Sisi tunakula fuko. Nyama yake ni tamu, na watoto wanajua kumchoma. Unatia sumu katika lupango lako, fuko anatembea chini ya ardhi na kutokea kwa jirani, mtoto wa jirani anamkuta amelegea, anafurahi, anamchoma. Nani atajibu kwa mama wa mtoto yule?

Ya nne ni jembe lenyewe, likitumiwa vibaya. Mtu anamfuata fuko akichimba mfereji mrefu, mpaka anafika chini ya ukuta wa matofali mabichi. Usiku mvua inanyesha, ukuta unaanguka. Tena shimo linabaki wazi, na mzee anavunjika mguu asubuhi akienda chooni. Na mtoto akitia mkono shimoni, huenda asimkute fuko: nyoka nao huingia katika njia hizo.

TUMPIGE NAMNA GANI?

Wazee wetu walimshinda fuko bila karibidi. Fuko hapendi njia yake ibaki wazi. Fungua njia mpya kwa jembe, mahali udongo ungali mbichi, kisha simama kimya. Usitembee, kwa maana anasikia mtikisiko wa miguu. Yeye atakuja kuziba. Udongo ukianza kusogea, piga jembe nyuma yake ili kukata njia ya kurudi, na umemshika. Mtego wa kamba na fimbo iliyopindwa, ukitegwa kwenye njia hiyo hiyo, unafanya kazi hata wewe ukiwa zamu.

Lakini fanya kama uko kazini. Vaa viatu vyako. Usitie mkono shimoni, tumia jembe au fimbo, maana fuko anauma vikali. Watoto wasimame mbali. Usichimbe kando ya ukuta. Ukimaliza, jaza shimo na kulishindilia kwa miguu, siku ile ile.

Kumbuka pia kwamba ni jamaa nzima. Ukimpata mmoja usitundike jembe. Rudia kesho na kesho kutwa mpaka udongo mpya usionekane tena.

Na afadhali kuzuia kuliko kupigana. Vuna viazi vikikomaa. Usivifanye ardhi kuwa ghala, kwa kuwa ghala lile ufunguo wake anao fuko. Kwa kitalu kidogo, inua tuta na kutandaza chini yake wavu wa chuma wenye matundu madogo. Tena semeni na majirani. Ukiwafukuza kwako peke yako, watahamia kwa jirani na kurudi mwakani. Malupango manne au matano yakitega mitego wiki moja, kazi inakuwa nyepesi.

Najua jibu la wengine: mtego unachukua siku nyingi, sumu ni ya haraka. Ni kweli, sumu ni ya haraka. Hata jiwe linaloanguka kutoka juu ya njia ya mgodi ni la haraka. Sisi hatusifu haraka ya namna hiyo. Wengine watasema ajali haina kinga. Mtu wa mgodi asiseme neno hilo. Kofia yake ni kinga, taa yake ni kinga, na kurudi nyuma akisikia harufu mbaya ni kinga. Kama ajali isingekuwa na kinga, wengi wetu tusingekuwa hapa kusoma ukurasa huu.

IKIWA MTU AMEPATWA

Mtu akila au akivuta dawa ya sumu, mtoe kwanza kwenye hewa safi. Ukisikia ile harufu ndani ya nyumba, wote watoke, na mtu asirudi kuchukua kitu. Usimwage maji juu ya vidonge. Usimtapishe mgonjwa, usimpe maziwa wala mafuta ya mawese kama wengi walivyozoea. Mpeleke hospitali mara moja, na mwambie munganga jina la dawa. Kama karatasi yake iko mahali salama, nje ya nyumba, ichukue umwonyeshe.

Neno langu la mwisho ni kwa mama wa nyumba. Mgodini kapita anaweza kusimamisha kazi akiona hatari, na hakuna anayemwuliza kwa nini. Katika lupango, mama, kapita ni wewe. Ukimwona baba anakuja na kibidoni, karibidi au karatasi ya dawa isiyo na jina, simamisha kazi. Mwite aje kunawa mikono ale bukari. Mama wa nyumba yangu alimwita mtoto tu, wala hakujua anamwokoa. Wewe sasa umekwisha kujua.

Shina la muhogo litapandwa tena mvua ijayo. Mtoto hapandwi tena.