Inapiga Pale Pale

Rafiki yangu mmoja wa Gilgil, mwenye leseni na karatasi zake zote sawa, alitualika kwake Jumapili. Tulidhani ni nyama choma. Nyama ilikuwepo, lakini meza ya jikoni ilikuwa imetekwa na bunduki iliyovuliwa nguo zote: mtutu huku, kitako cha mbao kule, skrubu zimepangwa ndani ya mfuniko wa Blue Band, na kopo la Kiwi liko wazi. Kachumbari ilikatiwa juu ya friji.

Niseme ukweli, kazi yenyewe ni tamu kuitazama. Mbao ina tabia zake. Mvua ya Aprili ikija inavimba, jua la Januari likija inanywea, na chuma kilichokuwa kimekaa imara kinaanza kucheza ndani ya kitako. Kwa hivyo unachonga kidogo kwa patasi, unapaka Kiwi kwenye chuma ili gundi isikishike, unajaza epoksi, unakikalisha chuma pole pole, halafu unaacha hadi kesho yake. Ukisahau Kiwi, chuma na mbao vimefunga ndoa ya kanisani, hakuna talaka. Mtutu nao haufai kugusa mbao. Jamaa alipitisha noti ya mia chini yake kuanzia mbele kurudi nyuma, na ilipokwama akachukua msasa. Kisha pete mbili zinazoshika darubini: zinafutwa mafuta kwa spiriti, skrubu zinakazwa kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Ukikaza kwa hasira unaliminya bomba la darubini, na pesa zako zimeenda. Ukiiweka darubini karibu sana na jicho, bunduki ikirudi nyuma inakupasua nyusi.

Alipomaliza pete ya pili akajifuta mikono, akasema, "Sasa hii inapiga pale pale, bana. Na bunduki inayopiga pale pale ndiyo bunduki salama."

Meza nzima ikatikisa kichwa. Mimi nina ugomvi na hiyo sentensi, na nimeisikia kwa watu wengi mno kuudhani ni wa jamaa mmoja.

Nusu yake ni kweli. Nyati aliyejeruhiwa anateseka, halafu anamngoja mtu kichakani. Darubini iliyolegea inamdanganya mwenyewe kabla ya kumdanganya mwingine. Kama lazima jirani yangu awe na bunduki, basi skrubu zake ziwe zimekazwa. Lakini gundi na pete zinajibu swali moja tu: risasi itaenda wapi. Hazijui kilicho pale. Hazijui kilicho nyuma yake. Na hazimuulizi mtu kwa nini anafyatua.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Toka Gilgil kuelekea Nakuru. Kushoto kwako ni Ziwa Elmenteita na shamba la Soysambu la ukoo wa Delamere. Aprili 2005, Tom Cholmondeley alimpiga risasi Samson ole Sisina, afisa wa KWS aliyekuwa kazini bila sare, akichunguza habari za nyama pori. Alisema alidhani ni majambazi. Mwanasheria Mkuu akaiondoa kesi mahakamani. Mei 2006, katika shamba hilo hilo, akampiga Robert Njoya, fundi wa mawe, aliyekuwa ameingia kuwinda na wenzake na mbwa. Safari hii alisema alikuwa amelenga mbwa. Mwaka 2009 Jaji Muga Apondi alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akamfunga miezi 8 juu ya ile miaka 3 ya rumande.

Sasa chukulia kwamba skrubu zote za bunduki ile zilikuwa zimekazwa inavyotakiwa. Chukulia kitako kilikalishwa na fundi bora duniani. Ingemsaidia nini Njoya?

Kuwinda kumepigwa marufuku nchini tangu 1977. Ukiuliza bunduki ya kuwinda ni ya nini, utaambiwa fisi, utaambiwa chui wa ng'ombe, utaambiwa shabaha tu, buda, ni hobi. Sawa. Lakini neno hobi lina mipaka yake, na mipaka hiyo ni ua wa shamba. Sheria ya silaha, Sura 114, inamtaka anayekarabati bunduki kama biashara asajiliwe. Rafiki yangu anajitengenezea yake, hana kosa. Haya, ichukue meza ile ile, kitako kile kile, Kiwi ile ile, uipeleke kwa seremala wa mtaani aliyeletewa kazi na mwenye leseni. Polisi wakigonga mlango, nani atamaliza neno "hobi" kabla ya pingu? Ati uvumilivu wa mikono ni ustaarabu kwa mmoja na ushahidi kwa mwingine. Ajabu ni kwamba seremala ndiye anayeijua mbao.

Silii ili kila mtu apewe bunduki, Mungu apishe mbali. Ninachotaka ni kidogo. Wewe uliyetumia siku mbili kusubiri epoksi ikauke, tumia hata saa mbili kuitembea ardhi yako. Jua wachungaji wanapitia wapi, wanawake wanaokata kuni wanavukia wapi, na saa ngapi.

Rafiki yangu ana mti mwishoni mwa shamba, mita mia hivi, anaotundikia katoni ya kulenga. Nilimuuliza nyuma ya ule mti kuna nini.

"Kwa jirani," akasema.

"Na nyuma ya jirani?"

Akaanza kurudisha skrubu moja moja kwenye mfuniko wa Blue Band.

Majaribio ni Jumamosi. Nimemwambia nitakuja, lakini kabla hajatia risasi hata moja tutembee kwanza hadi nyuma ya ile katoni, tuone. Bado hajakubali. Anasema gundi haijakauka.