Asiyeona na Cheo Chake Katika Utumishi

Yako maneno ambayo husemwa maofisini, na hapa kwetu Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, tumeyasikia mara nyingi: "Maskini, huyu haoni, na akae tu, asisumbuliwe na kazi." Maneno hayo husemwa kwa sauti ya upole, na asemaye hudhani ametenda wema. Sisi twakanusha. Mtu aliyesoma, akafanya mtihani, akaajiriwa, kisha akaachwa akae bure mpaka saa ya kwenda nyumbani, hakutendewa wema wowote; amenyimwa haki yake mbele ya wenziwe. Na kwa kuwa jambo hili lagusa mshahara, cheo na heshima ya watumishi, haifai chama kinyamaze.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatuandiki kuomba sadaka. Sadaka ni jambo jema, nayo ina mahali pake na thawabu yake. Lakini sadaka hutolewa apendapo mtoaji, naye aweza kuacha apendapo. Kazi ni mapatano ya pande mbili: huyu atoa akili na jasho lake, yule atoa ujira na cheo. Ofisi imwajiriyo asiyeona kisha isimpe kazi ya kufanya imegeuza mapatano kuwa sadaka, na tena sadaka yenyewe imetolewa katika fedha ya wananchi.

Tuanze na sheria, maana mtumishi wa serikali asipoijua sheria atasimama juu ya nini? Sheria ya mwaka 1982 ilimwagiza kila mwajiri mwenye watu 50 au zaidi aajiri wenye ulemavu wawili katika kila mia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Kisha mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo humbana hata mwajiri mwenye watu 20, na fungu limepandishwa kuwa watatu katika kila mia. Hesabu yake ni nyepesi: ofisi ya watu 100 yapaswa kuwa nao 3, na ya watu 200 yapaswa kuwa nao 6.

Hatuna ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wetu ni na wale waionao kuwa ndiyo mwisho wa safari. Watatu katika mia huhesabiwa mlangoni, siku ya kuingia. Ni nadra kuulizwa, baada ya miaka 10, yule aliyeingia yuko wapi: je, amepanda daraja, amepelekwa mafunzoni, amepewa watu wa kuwasimamia, au yungali katika kiti kilekile alichoonyeshwa siku ya kwanza? Lakini Mkataba tulioridhia haukuishia mlangoni. Kifungu chake cha 27 chataja kupanda cheo, chataja marekebisho yafaayo mahali pa kazi, na chamtaja pia mtu apataye ulemavu akiwa tayari kazini. Kwa maneno hayo matatu twapima ofisi zetu, nasi twaona zimepungukiwa.

La kwanza ni vyombo vya kazi. Nani atamnyima seremala randa na msumeno, kisha amlaumu kwamba hajui kutengeneza kiti? Asiyeona ana vyombo vyake. Mfaransa Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809 na kupofuka utotoni baada ya kuumia katika karakana ya baba yake, alichapisha mwaka 1829 maandishi ya nukta 6, ambazo kwa kupangwa hutoa alama 63; na mashine ya Perkins ya kuandikia nukta hizo imetengenezwa tangu mwaka 1951. Siku hizi ziko programu za kompyuta zisomazo kwa sauti yote yaliyoandikwa kwenye kioo. Moja, iitwayo NVDA, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Hutolewa bure, nayo yaweza kusoma hata Kiswahili. Mwenye uoni hafifu, kama walivyo wengi wa ndugu zetu wenye ualbino, pengine hahitaji zaidi ya herufi kubwa, kioo cha kukuzia, na meza isiyoelekea jua la dirishani.

Tena kipo kikwazo ambacho kukiondoa hakugharimu hata senti moja. Waraka huandikwa kwa kompyuta, hutolewa kwenye karatasi, hutiwa sahihi na muhuri, kisha karatasi hiyo hupigwa picha na picha hutumwa kwa watumishi wote. Kwa mwenye macho, waraka ni uleule. Kwa programu isomayo kwa sauti, hiyo ni picha isiyo na neno hata moja, nayo hunyamaza kana kwamba imewekewa karatasi nyeupe. Kumbe nakala ya kwanza, ile iliyoandikwa kwa herufi, ingalimo ndani ya kompyuta ya aliyeuandika! Ingeambatishwa pamoja na ile picha, asiyeona angeisoma saa ileile waisomapo wenziwe. Haya ndiyo madogo yazaayo makubwa. Asiyeusoma waraka wa mafunzo hataomba mafunzo. Asiyepata mafunzo hatapandishwa. Kisha watu husema kwamba hapandi kwa sababu haoni.

Kadhalika na tathmini ya kazi. Zamani tulijaza fomu za OPRAS kwa kalamu, na sasa hujazwa katika mfumo wa kompyuta wa PEPMIS. Mfumo wowote, uwe wa karatasi au wa umeme, ambao mtumishi hawezi kuujaza yeye mwenyewe, humlazimu amwombe mwenziwe amwandikie sifa zake. Ni nani kati yetu angependa kazi zake za mwaka mzima ziandikwe na mkono wa mtu ambaye huenda wanashindania cheo kimoja?

La pili ni kuwapanga wote mahali pamoja. Asiyeona akiingia ofisini, wengi humwonyesha kiti cha kupokea simu. Akiwa mwalimu, hudhaniwa kwamba amezaliwa kuwafundisha wasioona wenziwe tu. Kazi zote mbili zina heshima. Shule ya Buigiri kule Dodoma, iliyofunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, na ile ya Irente kule Lushoto, iliyofunguliwa na Walutheri mwaka 1963, zimetoa watu walioifaa nchi hii. Lakini mtoto aliyetoka huko akasoma sheria, au uchumi, au utawala, hakusoma ili apewe waya wa simu. Amesoma ili afanye kazi aliyoisomea. Kumpa mtu cheo kwa kuyatazama macho yake, pasipo kuitazama hati yake, ni kuidharau hati na shule iliyoitoa.

La tatu ni habari ya wale wapotewao na macho wakiwa tayari kazini, nalo lamhusu kila asomaye ukurasa huu. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Katika mkoa wetu wa Morogoro twamjua usubi, mdudu azaaye katika mito iendayo kasi, aenezaye ugonjwa uharibuo ngozi na macho. Ndiyo sababu vidonge vya ivermectin vimekuwa vikigawiwa vijijini. Liko tatizo la mtoto wa jicho, ambalo daktari aweza kuliondoa kwa upasuaji. Kiko kisukari. Tena iko presha ya macho, ijayo kimya bila maumivu, na uoni ulioliwa nayo haurudi tena, ingawa dawa yaweza kuuokoa ule uliobaki.

Sasa fikirini, mabwana na mabibi. Mtumishi wa miaka 45 aanza kuona ukungu. Awajua waliotangulia, jinsi walivyoondolewa katika kazi zao kimyakimya. Atafanya nini? Ataficha. Atasogeza faili karibu na pua yake, atasingizia miwani imevunjika, atamwomba kijana amsomee akisema kwamba amechoka. Hataenda hospitali, maana aogopa cheti cha daktari kuliko ugonjwa wenyewe. Na katika miezi hiyo ya kuficha presha ya macho yaendelea kula. Hivyo hofu ya kufukuzwa humpofusha mtu ambaye dawa ingemwokoa. Ofisi ingekuwa na desturi ijulikanayo, kwamba apotewaye na uoni atatibiwa, atafundishwa vyombo vipya, naye atabaki na daraja lake, watu wangekwenda kwa daktari mapema. Serikali nayo ingebaki na ujuzi ilioulipia kwa miaka 20.

Twajua majibu tutakayopewa. Wa kwanza atasema: "Gharama." Tumekwisha kumjibu: ile programu ni bure, na kutuma waraka wenye herufi ni bure. Mashine ya nukta ina bei yake, lakini ofisi haikuacha kununua viti na magari kwa sababu vina bei.

Wa pili atasema: "Siri za serikali. Asiyeona atasomewa faili na mtu mwingine, na siri itatoka." Hoja hii husemwa kwa uzito, lakini haina mizizi. Asiyeona mwenye kompyuta na visikizio masikioni huisoma barua ya siri peke yake, wala hakuna apitaye nyuma yake awezaye kuichungulia. Je, faili la karatasi, lipitalo mikono ya masijala, ya mhudumu na ya mwandishi mahsusi kabla ya kufika mezani, ndilo litunzalo siri zaidi?

Wa tatu atasema: "Hawezi pasipo msaidizi." Hapa twaomba ndugu zetu wawe wakweli. Mkubwa mwenye macho mazuri huandikiwa barua zake, huendeshewa gari lake, hupangiwa mikutano yake, na hata chai huletewa mezani. Hatujasikia akiambiwa kwamba hawezi kazi. Tumeambiwa kwamba msaada huo wamwachia nafasi ya kufikiri na kuamua, nasi twakubali. Basi na asiyeona apewe haki hiyohiyo, maana yeye pia aliajiriwa ili afikiri na aamue.

Hoja ya "hawezi" si ngeni kwetu sisi watumishi. Marehemu Martin Kayamba na wenziwe walipokiunda Tanga, mwaka 1922, chama cha watumishi wa serikali Waafrika, utumishi ulikuwa umegawanywa kwa rangi, na Mwafrika akawekewa mpaka katika ukarani. Iliaminiwa kwamba kazi za juu hazimfai. Waliosema hivyo hawakuwa wamempima. Walikuwa wamemtazama tu. Nchi ilipojitawala, viti vile vilikaliwa na Waafrika, na kazi ikaenda. Litakuwa jambo la aibu kama sisi, tulio wana na wajukuu wa wale waliotazamwa hivyo, tutawatazama wenzetu kwa jicho lilelile.

Wala ushahidi haukosi. Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona, alifika cheo cha Naibu Katibu Mkuu katika Wizara ya Katiba na Sheria ya nchi yetu. Taha Hussein wa Misri, aliyepofuka akiwa mtoto mdogo, alikuwa Waziri wa Elimu kuanzia mwaka 1950 hata 1952. Zak Yacoob alikuwa jaji wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini tangu mwaka 1998 hata 2013. David Blunkett, asiyeona tangu kuzaliwa, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza toka mwaka 2001 mpaka 2004. Twawataja ili kumfunga kinywa asemaye haiwezekani. Lakini tusiwafanye miujiza ya kusimuliwa kisha mambo yakabaki vilevile. Karani mwenye macho hatakiwi awe waziri ndipo ahesabiwe kuwa anafaa. Kwa nini asiyeona atakiwe?

Basi twaomba mambo haya, nayo yako ndani ya uwezo wa kila mkuu wa ofisi:

(1) Kila waraka utumwe pia katika nakala ya herufi, isomekayo kwa sauti.

(2) Asiyeona aajiriwapo, vyombo vyake viwe tayari siku ya kwanza, pamoja na mtu wa kumfundisha.

(3) Kila ofisi ihesabu, pamoja na walioajiriwa, wangapi wamepandishwa na wangapi wamepelekwa mafunzoni.

(4) Apotewaye na uoni kazini asiondolewe kabla ya kutibiwa na kufundishwa upya.

(5) Pale Mzumbe, kando ya milima hii hii, ambapo tangu mwaka 1953 watu wamefundishwa kazi za utawala, na penginepo pa namna hiyo, wanafunzi wafundishwe jinsi ya kumsimamia mtumishi asiyeona.

Na nyie ndugu zetu msioona mlio katika utumishi, msikubali kiti kitupu. Dai kazi, na ukiisha kuipata ifanye vizuri, maana uvivu hauna udhuru kwa mwenye macho wala kwa asiye nayo. Kilakala yajulikana nchini kwa shule yake ya wasichana. Mmoja wao akipotewa na uoni kesho, elimu yake haitapotea pamoja nao. Itapotea siku ile tu tutakapomwambia akae, asisumbuke.

Ni sisi watumishi wenzenu,
Kilakala, Morogoro.