Tajiri, Hiyo Sio Barabara!

Wadau, leo naomba niwakorofishe wenye malori.

Pale Mkata, njia panda ya kwenda Handeni, nilimkuta dereva wa semi tela akibishana na tajiri yake kwenye simu. Gari linatetemeka toka Segera, usukani unamcheza mikononi. Jibu alilopewa: "Ni barabara tu hiyo, wewe njoo nalo."

Barabara ipi, jamani? Segera mpaka Chalinze ni lami. Na shimo likishakutikisa, limekwisha. Gari lile lilianza kutetemeka kwenye 60, likazidi kwenye 80, akipunguza mwendo linatulia. Kuna kitu kinazunguka vibaya hapo.

Tupige hesabu. Tairi lenye kimo cha mita 1 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 3.1. Kwa kilomita 80 kwa saa, linazunguka mara 7 kila sekunde. Propela shafti, kama difu ni 4 kwa 1, inazunguka mara 28. Kwa hiyo mtikisiko wa taratibu, kagua matairi, rimu na balansi. Mvumo wa harakaharaka, kagua propela na krosi zake. Ukija pale unapokanyaga breki tu, tazama ngoma. Badili gia kwa mwendo uleule: ukifuata mlio wa injini, tafuta kwenye injini na klachi. Usukani ukicheza, anzia mbele. Kiti kikitetemeka, anzia nyuma.

Maswali hayo yote anayeweza kuyajibu ni dereva, na ndiye tusiyemsikiliza! Badala yake tunanunua shokomzoba mpya kwa kubahatisha, wiki ijayo springi, na gari bado linacheza.

Mtasema mafundi wanakula hela. Sawa, wapo. Lakini kukaza nati za magurudumu kunataka spana na nusu saa. Mtetemeko unaweza kuwa dalili ya nati zilizolegea, na ukiachwa unazilegeza zaidi. Siku gurudumu linachomoka, halitamuuliza mama anayeuza machungwa pembeni kama mzigo ulikuwa unachelewa bandarini.

Yule dereva aligoma kuondoka, akaitwa mvivu. Mimi nasema kati ya wale wawili kwenye simu, mwenye akili ya biashara alikuwa yeye.

Mwenye hoja nyingine aje nayo.