Lisansi yetu inavuka Kasumbalesa namna gani?

Ndugu zangu vijana wa Kikula, Panda, Shituru na Likasi katikati, leo tuongee juu ya diplome. Si juu ya kuipata, hiyo tunaijua. Tuongee juu ya bei yake mbele ya patroni ambaye hajasikia hata siku moja jina la shule yako.

Banasema: "Batoto ba leo habajue kazi." Mimi nakataa. Patroni wa inje hana wakati wa kupima kama unajua kazi. Anaangalia jina. Akiona shule ya biashara ya Stellenbosch ao ya Cape Town, amemaliza: zina mihuri mitatu, AACSB, EQUIS na AMBA, na mtu wa London anaijua sawa na mtu wa Dubai. Akiona jina la kwetu, anauliza: hii ni nini?

Zamani jina la kwetu lilitembea. Iniversite ya Lubumbashi ilizaliwa 1955, na mainjinia wake waliingia Gécamines. Kampuni ilijulikana duniani, basi na shule ikajulikana nyuma yake. Jina la shule halibebwe na karatasi, linabebwa na watu waliokwisha kuajiriwa. Halafu Gécamines ikaanguka: kutoka karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka, katikati ya miaka ya 1980, hadi chini ya 50,000 mwaka wa 1994. Tangu hapo nani anatushuhudia?

Kuna jambo lingine ambalo watu hawaliongelee. Sisi wa sistemi ya zamani tulifanya miaka 3 ya gradua, kisha miaka 2 ya lisansi. Jumla 5. Ufaransa lisansi ni miaka 3. Neno ni lile lile! Unaandika "lisansi" kwa CV, msomaji wa kule anahesabu tatu, na miaka yako miwili imeanguka njiani kama mfuko wa makala kwa kamio. "Gradua" ndiyo hawaijue kabisa. LMD imeenea kwetu tangu mwaka wa masomo 2021-2022, ni vizuri, lakini sasa wadogo zetu wana lisansi ya miaka 3, sisi ya miaka 5, jina moja. Nani atamweleza patroni?

Mimi niliomba kazi ya kontabilite upande wa Zambia. Waliandikia shule yangu kuuliza kama diplome ni ya kweli. Hakuna aliyejibu. Wakangoja wiki tatu, wakachukua mwingine.

Na kuna kitu tunacho, hatukitumie. Kongo iliingia OHADA mwaka wa 2012. Kontabilite tunayosoma hapa ni ile ile ya Abidjan, Dakar na Douala, inchi 17. Andika hiyo kwa CV yako, ndugu! Kwa jirani zetu wa Zambia na Tanzania wanafuata IFRS, na shule zetu zingefundisha zote mbili, pamoja na Kiingereza cha kuongea, si cha kukariri.

Tangu 2022 tuko pia ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilitangaza eneo moja la elimu ya juu mwaka wa 2017. Bakubwa walipiga picha Nairobi. Bendera imefika, diplome bado.

Wengine watasema: kwa nini inje, na makampuni ya inje yako hapa hapa, Fungurume na Kolwezi? Ndiyo, yako. Na wanaoajiri mle ndani ni wale wale wanaosoma jina. Inje iko barabara moja na sisi.

Kwa hiyo tunaomba ministeri mambo yasiyokula feza nyingi. Kila diplome itoke na karatasi inayoeleza miaka, masaa na masomo, kwa Kifaransa na Kiingereza. Kila shule iwe na ofisi moja inayojibu barua ndani ya siku tano. Na orodha ya waliomaliza iwekwe kwa intaneti, kila mtu achunguze. Hiyo ya mwisho itaumiza wanaonunua diplome. Waumie.

Barua tunaiandika. Wewe uliyemaliza na bado unatembea na atestasyo bila diplome, leta kopi, tujue tuko wangapi.